Severina na Neno la Mwalimu

"Sijakigusa chungu chako!" Severina alifoka. "Kimevuja chenyewe. Si unaitwa mwerevu? Haya, tafuta tundu!"

Benedicta alikuwa ameshika milulu, nyasi za kufumia, aliyoiloweka chunguni jana. Ilikuwa imekauka, na kila alipoukunja mmoja ulikatika. Mlulu mkavu haufumi kikapu. Na asubuhi hiyohiyo Mwalimu Philbert angechagua kikapu kimoja cha kupeleka kwenye maonyesho ya Iringa mjini.

Wasichana hawa walikuwa watoto wa mtu na dada yake, wakilala kitanda kimoja. Ugomvi ulianza siku mwalimu alipouliza kwa nini kikapu cha Severina kinaegemea upande. Benedicta akakigeuza, akasema, "Kitakoni milulu ya huku ni minene kuliko ya kule."

"Huyu ni mwerevu!" mwalimu akasema.

Neno hilo lilimkaa Severina kooni kama kiazi cha moto. Nani aliyekariri mito yote ya Tanganyika? Nani anayeongoza kwa hesabu? Mbona hakuitwa mwerevu?

Mama yake aliingia na debe la maji. "Kelele za nini asubuhi yote hii?"

"Chungu cha Benedicta kinavuja, mama."

Mama hakubishana. Alimimina maji chunguni, akakiinua juu. Halikudondoka hata tone.

"Haya, vuja basi," mama akakiambia chungu.

Benedicta akacheka bila kutaka. Severina akainama.

"Nani kayamwaga maji?"

"Mimi, mama. Kila mtu anamwita yeye mwerevu, na majibu yote ninayajua mimi!"

"Kujua majibu ni kukumbuka, na ni kuzuri. Mwerevu ni anayeliona jambo upesi, akajua na la kufanya. Wewe umemwaga maji ukadhani hatutatambua. Huo ni ujanja, tena wa kitoto. Wivu humpumbaza hata mwenye akili. Sasa kosa umeliona. La kufanya je?"

Severina alitazama kikapu chake. Kilikuwa kimebakiza ukingo tu kumalizika. Milulu yake ililala karaini, laini, nayo ilitosha kumalizia kikapu kimoja, si viwili. Machozi yalimlengalenga.

Kisha akainua karai, akalitua mbele ya Benedicta.

"Fuma wewe, dada. Nitakuchagulia inayolingana unene."

Akachuchumaa, akaanza kuchagua.