Ngusa, Mzee wa Kanisa Aliyemtenga Vumilia

Ngusa huwa wa kwanza kufika kwenye shamba la pamba la kanisa, nje kidogo ya Mhunze. Kabla ya kuchaguliwa mzee wa kanisa alikuwa nsumba ntale, yaani kiongozi wa vijana wanaolima kwa zamu. Akipiga filimbi, hata mvivu anajikuta ameshika jembe.

Waumini walimpenda kwa hilo. Basi wakamtwika kazi zote: shamba, wagonjwa, wajane, hata ugomvi wa watu. Naye Ngusa akaliongoza kanisa kwa sheria za shamba.

Vumilia, anayeishi peke yake na mtoto wake Wema, alikosa palizi mara mbili. Ngusa akatangaza, "Ametengwa! Asisalimiwe, asipewe moto wala maji." Kijijini adhabu hiyo inauma kuliko fimbo. Vumilia akaacha kuja kanisani.

Asubuhi moja Ngusa alimwona jirani yake, Generosa, akitoka kwa Vumilia na ndoo tupu. Damu ikamchemka. Akampeleka moja kwa moja kwa mwinjilisti Rhoda.

"Shikamoo, mama. Huyu amevunja amri yangu!"

"Marahaba, Baba Mabula," Rhoda alimjibu Ngusa. "Generosa, ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Nimempelekea maji. Mtoto anaumwa, Vumilia hawezi kwenda kisimani na kumwacha. Jana tulimpeleka zahanati."

"Mbona hakuniambia?" Ngusa alisema.

"Ulimuuliza?" Rhoda aliuliza.

Kisha akamgeukia Generosa.

"Na wewe Generosa, nani alikuambia?"

"Hakuna. Niliona jikoni kwake hakufuki moshi, nikapiga hodi."

Rhoda alimgeukia Ngusa. "Baba Mabula, Mungu amekupa kipawa cha kusimamia kazi. Shamba letu halijawahi kuwa safi namna hii. Lakini kuwatunza wenye shida ni kipawa kingine. Waumini tulikosea. Tuliona una sauti, tukakupa yote."

"Sasa mnanivua uzee? Watu watanicheka!" Ngusa aliona aibu, hata uso ukamwaka.

"Hatukuvui. Tunagawana kazi."

"Lakini Generosa hana cheo."

"Wito hauanzi na cheo. Tazama mtu anawatumikiaje wenzake kabla hajachaguliwa. Tazama kama wanasaidika. Kisha kanisa linaomba, linampima, ndipo linamkabidhi kazi."

Ngusa alitoka. Hakurudi shambani. Alikwenda kwa Vumilia, majirani wakimkodolea macho.

"Hodi, Mama Wema."

"Karibu," Vumilia alijibu kwa woga.

"Naomba maji ya kunywa."

Vumilia alimletea kikombe. Ngusa akanywa mpaka tone la mwisho, wote wakiona.

"Nimekukosea," alisema. "Nilikuhukumu bila kukuuliza. Kuanzia leo hutengwi tena."

Vumilia alilia, na Ngusa akajikaza asilie naye.

Waumini waliomba, wakashauriana, wakamkabidhi Generosa kazi ya kuwatunza wagonjwa na wenye shida. Ngusa akabaki na usimamizi wa kazi. Wiki hiyohiyo alipiga filimbi yake kwenye shamba la Vumilia. Magugu yakaisha kabla ya jua kuwa kali.

Jumapili Vumilia alikuja kanisani na Wema mgongoni, mzima kabisa. Alichelewa, ibada ilikuwa imeshaanza. Watu wakamtazama Ngusa, waone atafanya nini.

Ngusa akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi. "Kaa hapa, Mama Wema," alisema. "Mtoto ameamkaje?"