Pole ya Mnyama

Simu ilipoita, muuza nyanya aliruka na fungu lake likamwagika chini. Haikuita kama simu za watu. Iliunguruma kwanza, ikahema, halafu ikabweka kwa sauti ndefu iliyopanda juu ya kelele zote za soko la Ngamiani, ikakatikia mwishoni kama ya mtu aliyepaliwa.

"Usiogope, fundi, haing'ati," mwenye simu alisema huku akicheka.

Zebedayo hakuwa ameogopa. Alikuwa ameganda, bisibisi hewani. Mlio ule ulikuwa umetoka kooni mwake mwenyewe, siku alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane, amevikwa manyoya ya katani.

Akainua uso. Mbele ya kibanda chake alisimama msichana mrefu, gauni la kitenge cha rangi ya machungwa limemkaa kiunoni kama limeshonewa mwilini, unga mweupe umemganda kwenye kiwiko. Alinukia vanila na iliki. Kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka kama utando wa buibui, lakini yeye alicheka kana kwamba kimepasuka cha jirani.

"Huo mlio umeutoa wapi?" Zebedayo aliuliza, sauti imekauka.

"Hujaona *Mtu wa Singa*? Wewe si wa Tanga basi!"

Uweso muuza kahawa, aliyekuwa akipita na birika lake, alisimama papo hapo. "Yule mtu anayegeuka mbwa mwitu mwezi ukipevuka? Namkumbuka! Alimla mbuzi mzima, mpaka pembe!"

"Hakuna mbuzi mle, kaka," msichana alisema.

"Nimeona kwa macho yangu, binti! Damu inamchuruzika hivi!"

"Hata mimi mbuzi simkumbuki," muuza nyanya alidakia akiokota nyanya zake. "Ila aliruka kutoka juu ya paa la korona, kile kiwanda cha mkonge, akatua kwa miguu minne. Nililala na taa siku hiyo."

Zebedayo alirudi kwenye bisibisi yake. Mbuzi hakuwepo, pilau la waigizaji siku ile lenyewe halikuwa na nyama. Damu ilikuwa juisi ya rozela. Na paa walilokuwa wakilisema ni ndoo iliyofudikizwa, naye aliporuka kutoka juu yake aliteguka kifundo cha mguu.

"Na wewe," alimuuliza yule msichana, "unakumbuka nini?"

"Mimi?" Macho yalimwaka. "Pale anapomkimbiza dada wa watu kwenye shamba la mkonge. Dada anajikwaa, puu! Na mnyama badala ya kumrarua anasimama, anamwambia…"

"Pole, dada!" soko zima lilimalizia, na kicheko kikalipuka kutoka kwenye nyanya hadi kwenye dagaa. Msichana mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja.

Zebedayo aliinamia ile simu, masikio yamemshika moto. "Njoo kesho," alisema. "Jina?"

"Praxeda. Natengeneza keki za harusi, Nguvumali. Na wewe usinune, fundi. Sura nzuri hivyo unaikunjia nini?"

Akaondoka, na vanila yake ikabaki.

*

Filamu ile ilikuwa ya Hamed, mpiga picha za harusi wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani pale mjini. Alikuwa na kamera moja, betri mbovu na tamaa kubwa. Alitazama filamu za kigeni za watu wanaoota manyoya, akaapa kwamba Tanga nayo itakuwa na wa kwake. Manyoya aliyapata bure shambani karibu na Maramba, ambako baba yake Zebedayo alikuwa mkata mkonge: singa za katani zilizoshonwa kwenye gunia. Zilimwasha Zebedayo kama upupu. Kila alipojikuna, Hamed alipiga kelele, "Hapo hapo! Kuna uchungu mle!"

Kisha ikaja ile mbio. Msichana aliyeigiza alijikwaa kwenye kisiki cha mkonge, akaanguka kwelikweli. Zebedayo alikuwa amelelewa na mama ambaye angemnyima chakula cha mchana kwa kumpita mtu aliyejikwaa bila kumpa pole. Neno lilimtoka kabla hajakumbuka kwamba yeye ni mnyama. Jua lilikuwa limezama na betri imekata roho. Hamed hakuweza kuipiga upya, neno likabaki ndani ya filamu.

Ilipoonyeshwa kwenye banda la video la Maramba, watu walicheka mpaka benchi likavunjika. Zebedayo alitoka mbio filamu ikiwa katikati. Kuanzia siku hiyo, akienda kisimani, "Pole, dada!" Akiingia kanisani, mtu nyuma anakohoa, "Pole, dada." Kijana mwenye damu ya moto, anayejisomea ushairi kwa taa ya simu na kujiona bado kidogo tu atikise nchi! Alifunga begi akahamia mjini, akamwapisha Hamed asimtaje kwa mtu. Neno lenyewe akalifukuza kinywani. Mtu akiumia, alisema, "Jikaze." Mtu akianguka, "Angalia njia."

*

Praxeda alirudi kesho yake, na keshokutwa yake akaleta simu nzima isiyo na kasoro.

"Ina ugonjwa gani?" Zebedayo aliuliza.

"Haipigiwi na fundi."

Zebedayo akaipiga hapo hapo, na mnyama akabweka baina yao. Kuanzia hapo wakawa watu wa simu. Asubuhi akichanganya unga, jioni akisubiri keki iive, Praxeda alimweka sikioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula sauti yako."

"Muongo wewe! Sauti inashibisha?"

"Inanenepesha. Njoo uone."

Siku moja Zebedayo alimwandikia:

*Keki zako nimelamba, sukari imenijaa,*
*Moyo wangu umetamba, kwako umekwenda kaa.*

Praxeda alimsomea mama yake, mjane wa mpima mazao wa mashamba ya mkonge, mama mnene mwenye ulimi mwepesi. "Mbona hajasema ataoa lini?" mama aliuliza, akaendelea kuchambua mchicha. Lakini alipomwona Zebedayo kwa mara ya kwanza, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, akipiga shikamoo huku ameinama, alimpa kiti chenye mto.

Lilikuwa penzi tamu, isipokuwa kokoto moja. Siku moja Praxeda aliungua mkono kwenye trei ya moto, akampigia.

"Nimeungua, mpenzi! Ngozi imevimba!"

"Paka asali. Siku nyingine shika na kitambaa."

"Ni hilo tu?"

"Unataka niseme nini?"

"Neno moja tu, Zebe. Beti unazo tele, ila pole huna?"

Alicheka alipolisema, naye akacheka, wakapita. Lakini mwanamke huweka mambo, na lile aliliweka.

Kisha mama akateleza uani, akavunjika mkono. Praxeda alipiga simu akiwa hospitali, akilia.

"Mama kavunjika, Zebe. Mfupa umetokeza… nimeuona."

Neno lilimpanda Zebedayo hadi kwenye meno. Pale kibandani Uweso alikuwa akiwamiminia kahawa vijana, na vijana wale walikuwa hawajaacha utani wa ule mlio. Aliwaona wakimtazama. Akalimeza.

"Mwambie ajikaze," alisema. "Nafunga duka, nakuja."

"Ajikaze?" Sauti ya Praxeda ilitulia ghafla, na utulivu ule ulitisha kuliko kilio. "Mama yangu kalala hapa na mfupa nje, wewe unamwambia ajikaze?"

"Nimesema nakuja!"

"Usije! Hujui unavyonitesa. Tangu utoto nimemtafuta mwanamume mwenye utu wa yule mnyama wa filamu, nikadhani nimempata. Kumbe mnyama mwenyewe ana roho kuliko wewe!"

"Unanilinganisha na nani?"

"Na mnyama! Na amekuzidi!"

Simu ikakatika. Zebedayo alibaki ameshika kipande cha chuma kinachopoa. Ajabu gani hii? Kuachwa kwa ajili ya mwanamume mwingine, na mwanamume huyo ni wewe! Alitaka kucheka, hasira ikamkaba. Alitaka kumpigia aseme, "Ni mimi, mpumbavu wee, ni mimi!" Lakini aliwakumbuka wale wa Maramba na benchi lao. Angemwambia, naye angecheka vile vile, kama siku ile sokoni, mpaka machozi. Kiburi kikamfunga mikono. Siku zikapita, mlio haukusikika tena Ngamiani, na Uweso akaanza kumuuliza kama anaumwa.

*

Hamed ndiye aliyekuja, kanzu imenyooka, simu yake imejaa maji ya bahari.

"Nasikia unatembea kama mgonjwa, Zebe. Na mimi nina habari. Jumamosi mchana naonyesha *Mtu wa Singa* ukumbini Nguvumali. Watu wananisumbua wallahi! Kuna binti wa keki anatengeneza keki yenye umbo lako, manyoya ya nazi. Amenibembeleza nimtajie aliyeigiza."

"Umemtajia?" Zebedayo alisimama ghafla mpaka kigoda kikaanguka.

"Niliapa, bwana! Nikamuuliza, unamtakia nini? Akasema, 'Nimshukuru. Baba yangu alipofariki watu walijaa nyumbani, wakaongea na mama, wakaongea na wajomba. Mimi mtoto nilikaa pembeni, hakuna aliyenipa pole. Wakaniwekea filamu ninyamaze. Mnyama akasema, Pole, dada. Nikaona ananiambia mimi.'"

Nje muuza nyanya alikuwa akigombana na mteja.

"Lakini alicheka," Zebedayo alisema polepole. "Sokoni. Alicheka kama wote. Kama Maramba."

"Maramba!" Hamed alipiga paja. "Wewe uliondoka mapema, mwanangu. Hujui. Watu walinirudishisha ile sehemu, tena na tena, mpaka kanda ikakwama. Wazee walikuwa wanaitikia, 'Ahsante, mnyama!' Walicheka, ndiyo. Kwani mtu hawezi kucheka kitu anachokipenda?"

Zebedayo aliketi chini, maana kigoda kilikuwa kimelala na hakukiona. Kitu kilichomkaa kifuani tangu Maramba kililegea, kikateremka, kikaenda zake. Miaka yote ile alikuwa akikimbia watu waliokuwa wakimwitikia.

"Hamed," alisema, "yale manyoya bado unayo?"

"Yamejaa panya."

"Basi. Nitakwenda bila manyoya."

*

Jumamosi, alipofika Nguvumali, Praxeda alikuwa uani, khanga ya njano kiunoni, akipakia keki kwenye boksi. Mnyama wa nazi alikuwa ameachama, meno ya karanga. Mama alikaa kivulini, mkono ndani ya plasta, umening'inizwa kwa mtandio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alisema, akatazama pembeni.

Praxeda hakugeuka. "Nina haraka. Kama umekuja kuniambia nijikaze, nimeshajikaza."

"Praxeda."

"Nipishe nipite." Alinyanyua boksi, akalizunguka gogo la kuni kwa hasira, kandambili ikanasa. Aliyumba, keki ikaenda mrama, akaiokoa lakini goti lake likapiga chini.

Zebedayo alikuwa amejiandalia hotuba nzima njiani, yenye vina. Yote ilimtoka kichwani. Aliruka gogo, akasimama mbele yake akihema, na koo lake likafanya lilivyolelewa kufanya:

"Pole, dada."

Praxeda alibaki hapo hapo chini, boksi kifuani. Aliinua uso taratibu, akamtazama kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Rudia."

"Pole, dada."

"Mungu wangu…" alinong'ona. "Zebe. Bweka."

"Hapa? Majirani…"

"Bweka!"

Zebedayo alifumba macho. Aliunguruma, akahema, akabweka ile sauti ndefu, ikapanda juu ya mabati ya Nguvumali, ikakatikia mwishoni kwa kupaliwa. Kuku walitawanyika. Dirisha la jirani lilifunguka, na mtu akapiga kelele kwa furaha, "Mtu wa Singa!"

Alifumbua macho akisubiri kicheko. Kilikuja kweli. Praxeda alicheka, akalia, akacheka, akaweka boksi chini, akasimama, akampiga ngumi ya kifua.

"Ni wewe! Na umenifanya nikulinganishe na wewe mwenyewe! Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya. Na kwa mama nilikosa, nimekosa sana. Nilidhani ukijua utanicheka."

"Nitakucheka! Mpaka uzeeni nitakucheka!" Alifuta machozi, akaacha alama ya unga shavuni. "Utaweza kuvumilia?"

"Uzeeni?"

"Umesikia."

"Basi na mimi nitakuwepo. Kila ukijikwaa nitakuwa hapo kukuambia…"

"Kuniambia nini? Pole, dada?" Aliweka mikono kiunoni, macho yakamcheka. "Bado dada, Zebe?"

Zebedayo alimshika mkono. Alilitafuta neno kwa muda mfupi, na lilipokuja lilikuja jepesi, kana kwamba halijawahi kufukuzwa kinywani.

"Pole," alisema, "mke wangu."

Praxeda alijificha uso begani pake. Na kutoka kivulini, sauti ya mama ikapaa:

"Haya, na mimi niliyevunjika mkono je? Hakuna mnyama wa kunipa pole hapa uani?"