Paka wa Tunu na Maneno ya Ka

Sogeeni, watoto, sogeeni! Palikuwa na Tunu, na Tunu alikuwa na paka. Paka huyo aliitwa Kisamvu.

Mchana mmoja Kisamvu alikula samaki wa Baba. Alimla mzima, hata mkia!

Jioni Tunu alisikia mnong'ono jikoni. Psi, psi, psi.

"Paka," alisema Dada Rukia.

"Peleka," alisema Baba.

Tunu akatega sikio. "Hm! Hapa pana jambo. Na mimi nitalijua!"

Akanyata. Nya, nya, nya. Akajificha nyuma ya pazia.

"Haraka," alisema Dada Rukia.

"Ondoka!" alisema Baba. Wakacheka, kwa-kwa-kwa!

Moyo wa Tunu ukadunda. Du, du, du. "Hm! Hapa pana jambo. Wanataka kumpeleka Kisamvu wangu mbali!"

Tunu akambeba Kisamvu mbio. Akamtia ndani ya kapu la nguo, akamfunika kanga.

"Nyamaza, Kisamvu. Usiseme hata nyau."

"Nyaaau!" alisema Kisamvu. Paka huyu hajui kutunza siri, jamani!

Baba na Dada wakaja.

"Tunu, mwanangu, mbona umekumbatia kapu?" aliuliza Baba.

"Hamna kitu humu," alisema Tunu.

Kapu likatikisika. Tiki, tiki, tiki.

Tunu akaangua kilio. "Msimpeleke paka wangu! Nimesikia yote. Paka, peleka, haraka, ondoka!"

"Maskini, mdogo wangu!" alisema Dada Rukia. "Tunatunga shairi. Kila mstari lazima uishie na *ka*. Tulikuwa tunatafuta maneno tu."

Tunu akafuta machozi. Akamtazama Dada. Akamtazama Baba. "Hm! Hapa pana jambo. Hebu lisemeni hilo shairi!"

Dada Rukia akasema:

"Kisamvu ni wetu paka,
Samaki kala haraka,
Hata Baba akacheka..."

"Basi tumekwama hapo," alisema Baba. "Mstari wa mwisho hatuna."

Tunu akafikiri. Ka, ka, ka. Kisha akasimama wima, akasema kwa sauti kubwa:

"Kisamvu hataondoka!"

"Ewaa!" alisema Baba. "Umelimaliza, Tunu. Na shairi likisema hataondoka, basi hataondoka."

Tunu akacheka. Kisamvu akatoa kichwa kapuni. Ngrrr, ngrrr.

Wakaenda kulala. Tunu akafumba macho, raha tupu. Lakini mkono mmoja ulimshika Kisamvu mkia, maana huwezi kujua.