Maelezo ya Mlalamikaji wa Kawempe

"'Usinitazame na hayo macho yako ya kupekua mifuko,'" Mama Abalo alisoma, karatasi ameisogeza karibu na miwani. "'Unalinda lango la nyumba iliyobomoka zamani, na bado unauliza watu wanaenda wapi! Mimi nimetembea mpaka viatu vimeniomba msamaha, wewe unataka kitambulisho?'"

Dawudi alicheka mpaka kiti chake kikalia. Viti vyenyewe ni vya watoto wa chekechea. Kila Jumamosi saa kumi tunaazimwa darasa moja huko Mengo, watu wazima sita, tunakaa magoti yakiwa karibu na masikio.

"Banange! Huyu malkia iko moto," Dawudi alisema. Ni fundi cherehani, anaandika hadithi za wafu wanaorudi kurekebishiwa suti walizozikwa nazo. "Mama, soma tena hapo kwa viatu."

"Ngoja nimalize. 'Hivyo ndivyo Malkia Terema anasema mbele ya Lango la Maji.' Basi, imeisha."

Damu ikanipanda kichwani. Terema ni malkia wangu. Nimemwandika sura kumi na tisa kwenye ukurasa wangu wa Facebook, akivuka falme na kupigana na majitu ya chumvi, halafu siku moja akasimama na mimi nikasimama naye. Miezi minne sijaandika sura ya ishirini. Ndiyo maana nilijiunga na hawa watu. Niliona labda nikikaa na wenzangu wenye kichaa kama changu, neno litarudi.

Halikurudi. Nilikuwa na tiketi ya basi la Jumatatu kwenda Bungoma, kwa kaka yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na niliapa kwamba kama leo nitatoka hapa mikono mitupu, nauza misumari na habari ya Terema imekwisha.

Hapo kwenye Meza, ndivyo tunavyoliita kundi letu, wote wanamjua Terema. Lakini Lango la Maji sikuwahi kuliandika popote. Nililitaja kwa mtu mmoja tu.

Nikamgeukia. Odur alikuwa amekaa karibu na mlango, mabega mapana juu ya kikiti chekundu, anaangalia viatu vyake.

"Mwizi wewe!" nikamwambia.

"Nakhisa," Mama Abalo akanionya. "Sheria."

Sheria zetu ni mbili. Kila mtu anatumbukiza karatasi isiyo na jina ndani ya kikapu, inasomwa na mwingine, na mwenyewe hafungui mdomo mpaka wote waseme. Ya pili: usilete karatasi ya mtu mwingine. Ukileta, unatoka, huulizwi mara mbili. Mama Abalo ni mjane wa mwanajeshi na aliwahi kusimamia wodi nzima ya hospitali. Hana mchezo na sheria.

"Sheria gani wakati mtu ananivua nguo mchana? Huyo ni Terema wangu! Lango ni langu! Nilimwambia yeye peke yake, tena wakati ule nilikuwa nampenda!"

"Ulikuwa?" Odur akauliza, polepole.

"Usinichokoze, afande!"

Nikapiga kikapu teke. Kikaruka mpaka ubaoni, karatasi zikatawanyika sakafuni. Dawudi akajikunyata kana kwamba kinachofuata ni yeye.

"Odur," Mama Abalo alisema, sauti baridi kabisa. "Hii karatasi, ni wewe uliandika?"

"Mkono ni yangu."

"Na maneno?"

"Maneno hapana yangu, Mama."

"Ya nani?"

Aliniangalia. Ninachukia anavyoniangalia, kama mtu anayejua nitasema nini na ana muda wa kungoja.

"Ya yeye."

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Miezi minne sijaandika hata salamu!"

"Mimi nilisema uliandika?"

"Odur, unajua sheria," Mama Abalo alisema. "Maneno ya mtu mwingine umeweka kwa kikapu. Inuka, mwanangu. Enda."

Hakubishana. Aliinuka, akaweka faili la kahawia juu ya kiti chake, akapita mbele yangu.

"Soma," aliniambia. "Kama kuna uongo, kuja uniambie. Kesho mimi iko kazini Nakasero, asubuhi mpaka jioni."

"Sitakuja! Na sitasoma!"

"Sawa, madamu."

Wallahi nilitamani kumrushia kiti.

Tulianza vibaya na Odur. Siku yangu ya kwanza Mengo alisikia karatasi yangu, kipande cha sura ya zamani, ikisomwa, akasema, "Hii inanukia sabuni. Iko safi sana." Mwezi mmoja baadaye nilikuwa nampikia ugali wa wimbi Kawempe. Nilijua ni polisi, mtoto wa kambini, mtu wa kabila la Lango aliyekulia Kiswahili cha jeshi. Miaka tisa alikaa kwenye dawati la kituo anaandika maelezo ya walalamikaji, kisha wakamhamishia kwenye geti la ubalozi mmoja. Akiwa nyumbani anaandika hadithi za wanyama wanaoshtakiana. Nilimpenda sana, naomba niseme hivyo kabla sijaendelea kumtukana.

Wiki tatu nyuma, mbele ya watu wote, aliniambia hivi:

"Malkia wako anaongea kama mutu anaomba kazi. Iko na adabu mingi. Nani ataogopa yeye?"

Nilitoka bila kuaga. Tangu jioni hiyo nikawa namtumia sauti za WhatsApp. Sikumbuki zote, mtu mwenye hasira hahesabu. Najua nilizitoa nikipika, nikipanda ngazi za kiwanda cha uchapaji ninakopokea wateja, nikiwa kwenye foleni ya maji. Dakika tatu, dakika tano, dakika tisa. Yeye hakujibu hata moja kwa sauti. Kila mara aliandika maneno mawili tu:

"Nimesikia. Endelea."

Hayo maneno mawili yaliniumiza kuliko tusi. Nilimwandikia: "Odur, we ni ukuta ama ni mtu?" Akajibu: "Nimesikia. Endelea." Basi nikaendelea.

Sasa nilikuwa Kawempe, kitandani, begi limefunguka, faili kwenye mapaja. Nilijiambia nalisoma ili nipate sababu zaidi za kumchukia.

Karatasi kumi na moja, mwandiko wa kituoni, ulionyooka. Juu ya ya kwanza:

"Tarehe 4, saa moja jioni. Mlalamikaji anasema:"

Chini yake yalikuwa maneno ya mtu mkali sana. Nilishika simu, nikatafuta sauti ya tarehe nne, nikabonyeza. Nikajisikia mwenyewe, sufuria zinagongana nyuma yangu:

"Usinitazame na hayo macho yako ya kupekua mifuko, Odur! Unalinda lango la nyumba iliyobomoka zamani, na bado unauliza watu wanaenda wapi! Mimi nimetembea mpaka viatu vimeniomba msamaha, wewe unataka kitambulisho? Hivyo ndivyo Malkia Terema anasema mbele ya Lango la Maji!"

Neno kwa neno. Nikabonyeza ya tarehe sita, nikafuata kwa kidole. Neno kwa neno. Ya tarehe kumi, ile niliyolia katikati, alikuwa ameandika hata hapo: "Mlalamikaji ananyamaza kidogo. Anasema:" Hakuongeza kitu. Alichoondoa ni kimoja tu, jina lake.

Miezi minne nilikuwa nimemkalisha Terema mbele ya lango akiwa amejinyoosha kama mgeni rasmi, namtafutia maneno mazuri. Kumbe maneno yake nilikuwa namwaga kwenye simu ya Odur kila siku, bure, kwa kelele.

Nililia, nisikufiche. Kisha nikasukuma begi pembeni, nikavuta daftari.

Kabla ya saa nne usiku sura ya ishirini ilikuwa imekamilika. Terema alimtukana mlinzi wa lango kurasa nne bila kupumua. Nilipoiweka ukurasani, mtu wa kwanza kuandika chini yake alikuwa mama mmoja wa Kisumu: "Eeeh! Amerudi! Na amerudi na mdomo!"

Nikampigia Mama Abalo.

"Mama, Odur hakuiba. Ni maneno yangu. Nilimtumia mimi mwenyewe, yeye akaandika tu."

"Mimi najua."

"Unajua? Na ulimfukuza?"

"Sheria ni sheria. Alivunja, mbele ya watu. Alikuja kwangu Ijumaa kuuliza. Nikamwambia ukiweka, mimi nitakutoa. Akasema, 'Mama, huyu mutu anaenda Jumatatu. Lazima asikie watu wakicheka na maneno yake, na asijue ni yake.' Nikamwambia, kale, sawa, lakini nitakutoa."

Nikalitazama begi pale pembeni.

"Nakhisa, uko hapo?"

"Niko, Mama."

"Wewe ndiye mlalamikaji. Ukiondoa malalamiko, Jumamosi anarudi. Na unilipie kikapu yangu, umevunja mkono wake."

Jumapili saa sita mchana boda ilinishusha Nakasero. Odur alikuwa amesimama getini kwa sare, bunduki begani, uso umefungwa kama siku zote. Mwenzake, Otema, kijana mrefu mwenye redio ya mkononi, alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Unaenda wapi, madamu?" Odur akaniuliza.

"Unanijua!"

"Ubalozi imefungwa leo. Unaenda wapi?"

"Nimekuja kwako, jiwe wewe!"

"Kitambulisho."

Otema alikohoa kuficha kicheko. Nilichomoa kitambulisho changu cha Kenya nikampa kwa nguvu. Alikisoma chote, mbele na nyuma, akanirudishia.

"Faili nimesoma," nikasema.

"Iko uongo ndani?"

"Hakuna."

"Basi shida ni nini?"

"Shida ni wewe! Kwa nini hukuniambia? Ungesema tu, Nakhisa, haya maneno yako ni mazuri, yaandike!"

"Nilikwambia malkia iko na adabu mingi. Ulinitukana wiki tatu. Ningekwambia hii nyingine, ningepona?"

Ni kweli. Nisingemwamini. Ningesema ananibembeleza.

"Nilikuita mwizi mbele ya watu," nikasema.

"Nilisikia."

"Nimekuja kutoa maelezo."

"Hapa si kituo. Na mimi siwezi kuandika, iko na bunduki."

"Nitaandika mwenyewe. Mimi ni mwandishi."

Nilitafuta karatasi kwenye mkoba. Iliyokuwepo ni tiketi ya Bungoma. Nikaigeuza, nikaiweka juu ya ukuta wa maua. Odur akawa anaangalia barabara, kazi yake ndiyo hiyo, lakini alininong'oneza kwa pembe ya mdomo.

"Anza na jina. Halafu unakaa wapi."

Nikaandika kwa sauti: "Mimi, Nakhisa, mtu mzima, mkazi wa Kawempe, nasema hivi. Nampenda Odur. Jana nilimwita mwizi. Ananikera kila siku."

"Hapana. Fuata vile mambo ilitokea. 'Ananikera' inakuja kwanza."

"Odur!"

"Maelezo lazima ifuate mpango."

Nikakata, nikaanza upya. "Odur ananikera. Nilimtukana wiki tatu. Alinisikiliza zote. Jana nilimwita mwizi na hakuwa mwizi. Nampenda. Siendi Bungoma."

Hapo ndipo uso wake ulipofunguka. Si sana, ni wa polisi. Lakini niliona.

"Rudia hiyo ya mwisho," akasema.

"Siendi Bungoma."

"Hapana, ile ya kabla."

"Isome mwenyewe. Inaishaje?"

"'Maelezo haya nimetoa kwa hiari yangu. Nimesomewa, na nimekubali ni ya kweli.' Halafu sahihi."

Nikaandika, nikatia sahihi. Odur alimpa Otema bunduki kwa nusu dakika, kinyume cha amri zote anazozipenda, akachukua kalamu yangu na kutia sahihi yake chini ya yangu, pale panapokaa ya aliyepokea maelezo. Aliikunja tiketi mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa kifuani na kufunga kifungo.

"Leo nikitoka, nakuja Kawempe," alisema.

"Uje na kikapu. Kile cha Mama Abalo nimekivunja."

"Najua. Niliona teke." Akaichukua bunduki yake. "Sasa toka kwa geti. Gari inataka kuingia."

"Hata kuniaga?"

"Toka kwa geti, Nakhisa!"

Nilivuka barabara nikiwaka. Nilipofika kwenye kivuli cha bodaboda nilitoa simu, nikabonyeza sauti, nikamwambia yote: kwamba hana moyo ana kufuli, kwamba Terema akilivuka lango hilo atamuoa yeye kwa nguvu ili amtese mpaka uzee, na ale chakula kilichopoa maisha yake yote. Dakika sita.

Nilimwona ng'ambo, anasubiri gari lipite, anachungulia simu. Yangu ikalia.

"Nimesikia. Endelea."