Meneja wa Magodoro Asiyelala

Dirisha la dawa hospitalini lilikuwa moja tu, na waliokuwa wakilisubiri walijaza mabenchi yote mpaka wengine wakasimama ukutani. Ilikuwa saa saba mchana. Feni ya darini ilizunguka kwa kujilazimisha. Kwenye benchi la tatu aliketi mwanamke wa miaka thelathini na minane aliyevaa gauni la bluu, na tone la gundi lililokauka kwenye mkono wa gauni lake. Alikuwa meneja wa uzalishaji katika kiwanda cha magodoro, naye alikuwa ametumia mapumziko ya chakula kuja kuchukua dawa za mama yake aliyepooza. Kushoto kwake alikuwepo mwanamume asiyemjua. Haikupita robo saa, kichwa chake kikawa begani kwa mwanamume huyo.

"Sabini na nne!" dirisha likaita.

Mwanamume alichungulia kikaratasi kilichokuwa kikimponyoka mwenzake vidoleni. "Dada," alinong'ona. "Dada, namba yako."

Mwanamke akagutuka. "Yarabi! Nimekulalia?"

"Umenilalia, na umekoroma kidogo."

"Mimi sikoromi, kaka."

"Basi ni bega langu lililokoroma."

Mwanamke alicheka, na mwenyewe akashangaa kusikia kicheko chake.

Jumatatu mkurugenzi wa kiwanda aliwaita mameneja wake sita ukumbini. Wafanyakazi walikuwa wakiacha kazi kila mwezi, naye aliamini kisa ni mameneja wenye nyuso za msiba. Kwa hiyo alimleta mtaalamu wa saikolojia ya kazi awapime tabia na kuwafundisha fikra chanya. Mtaalamu akaingia. Alikuwa yule wa kwenye benchi! Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mbele tu. Alipogeuka kuandika ubaoni, mgongo ulikuwa makunyanzi matupu.

Aliwagawia maswali sitini. Je, wewe ni mchangamfu? Je, huwa na wasiwasi? Je, hutimiza unachoahidi? Kila jibu lilipewa alama, kuanzia moja hadi tano.

Wakati wa chai mtaalamu alimfuata yule mwanamke pembeni. "Bi Meneja, kwenye kutimiza ahadi umejipa tano. Kwenye uchangamfu, mbili."

"Ulitaka nikudanganye?"

"Hapana. Ila nimeona mengi, sijawahi kuona meneja wa magodoro asiyelala."

"Na mimi sijawahi kuona mwalimu wa furaha mwenye macho mekundu namna hiyo."

Mwalimu akatazama kikombe chake. Mkewe alikuwa amemwacha miaka minne nyuma. Mchana alihubiri matumaini katika kampuni tano, jioni alirudi kwenye chumba cha kupanga akiwa hana hata neno la kumwambia jirani.

Akaanza kumpigia Bi Meneja simu kila saa kumi na mbili jioni, wakati yeye akimlisha mama uji.

"Haya, mema matatu ya leo."

"Mwalimu, niache. Leo hata moja sina."

"Tafuta, laazizi."

"Moja, mashine ya kukata sponji haijaharibika. Mbili, mama amemaliza bakuli."

"Na la tatu?"

"La tatu linanisumbua kwenye simu wakati mkono mmoja umeshika kijiko."

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyokua, kwa sauti mbili zilizochoka. Jioni moja, bila kuulizwa, Bi Meneja alimwambia: "Kila asubuhi nikifika kazini nakaa ndani ya gari dakika kumi. Miguu inakataa kushuka."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

Wiki tatu baadaye mkurugenzi alimwita Bi Meneja ofisini. Mezani palikuwa na ripoti ya Mwalimu. Mkurugenzi alimsomea kwa upole, kama daktari anayetoa majibu mabaya: "Meneja wa uzalishaji ameelemewa. Kila asubuhi hukaa garini dakika kumi kabla ya kuweza kuingia kazini." Akaifunga. "Kuanzia mwezi ujao nafasi yako ataishika meneja wa mauzo. Wewe utahamia ukaguzi. Ni kwa faida yako."

Miaka kumi na tano alikuwa amekipa kiwanda kile. Alitoka akaenda kusimama nyuma ya marobota ya vitambaa, akapiga simu.

"Nilikuambia wewe, Mwalimu. Sikuliambia faili."

"Mpenzi, nilitaka wakupe msaidizi. Ukurasa unaofuata niliandika..."

"Uliniuliza?"

Mwalimu akaanza tena habari ya ukurasa ule.

"Nakuuliza, uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

Akakata. Tangu siku hiyo simu ya saa kumi na mbili iliita mpaka ikachoka. Mama, aliyekuwa amezoea sauti ile, aligeuza shingo kila ilipoita. "Pokea," alisema kwa ulimi mzito. Binti yake akampa kijiko kingine cha uji.

Siku ya semina ya mwisho ilifika. Mwalimu alisimama mbele ya mameneja sita, mkurugenzi akiwa kiti cha mbele. Hakugusa kalamu.

"Leo sifundishi," alisema. "Kuna mtu aliniamini, akanipa siri yake, nami nikaiandika bila idhini yake. Kosa hilo ni langu, sina wa kumsingizia. Lakini niliandika pia kwamba hapa watu sita wanafanya kazi ya kumi na wawili, wapewe wasaidizi na likizo. Ukurasa huo umeondolewa."

"Ripoti ni mali ya kampuni," mkurugenzi alisema.

"Ni kweli, bosi. Na mkataba wangu naurudisha. Siwezi kumfundisha mtu kutabasamu huku amebeba gunia lisilo lake."

Kisha meneja wa mauzo, mzee mnene asiyevua tai hata kwenye joto, akainua mkono. "Nafasi niliyopewa siitaki. Hata hii niliyo nayo inanitoa roho. Mke wangu ananiita mpangaji, maana nyumbani nafika kulala tu." Mmoja akacheka, wa pili akafuata, na kicheko kikazunguka meza kikiwa na uchovu ndani yake. Mkurugenzi alijaribu kukinyamazisha, ikashindikana. Akiogopa kuwapoteza wote sita, kabla ya mwezi kwisha alimpa kila meneja msaidizi, na Bi Meneja akabaki kwenye nafasi yake.

Mwalimu alipoteza kazi hiyo, na kampuni nyingine mbili zilizosikia habari zake zikamwacha.

Wiki nne zilipita. Jumamosi moja alasiri Bi Meneja aligonga mlango wa chumba cha kupanga, amevaa kandambili na gauni la nyumbani. Mwalimu alikuwa anaosha vyombo, povu mpaka kwenye viwiko.

"Siku hizi nalala," alisema akiwa bado mlangoni. "Nikiamka, bado nina hasira na wewe."

"Una haki."

"Sikuja kuambiwa nina haki. Mama anakuulizia."

"Na wewe?"

"Mimi nimechoka kukuulizia kimoyomoyo."

Akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mwalimu alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nina swali, na hata ukisema hapana, sitakulaumu. Sina mkataba wa maana, sina gari. Nataka kukuoa. Nataka tumtunze mama wote wawili."

"Hujui unachokitaka. Usiku anaita. Na akili yake siku hizi inakwenda na kurudi. Atakuita kwa jina la marehemu baba."

"Nitaitika."

Bi Meneja alimtazama, machozi yakamtoka bila sauti. Mwalimu alirudi kwenye beseni, akaendelea kusuuza sahani polepole.

"Jumapili," Bi Meneja alisema mwishowe, akijifuta machozi kwa kiganja. "Njoo uongee na mjomba, ndiye anayesimama mahali pa baba. Ila uje mapema, mchana huwa anasinzia."