Chumba Namba Nne Kinatumika

Spika ya zahanati iliita jina la mwanamke aliyezikwa juzi. Ilikuwa saa nne asubuhi, foleni imejaa, watoto wanalia, na sauti ileile ya kila siku ikasema aingie chumba namba nne.

Mzee mmoja asiyesikia vizuri akadhani ni yeye, akaenda. Nesi alikuwa ameshavuta dawa ya marehemu kwenye sindano ndipo akainua macho, akaona ndevu.

"Ni jini," akasema bosi. Wafanyakazi walimwita Chapuchapu, maana kazi yake ilikuwa kuharakisha wenzake. "Nitafutieni mganga."

"Mganga wa nini?" Fundi wa kompyuta, binti mwembamba, akamjia kwa hasira. "Mimi ulinifutisha mistari miwili, bosi. Nilikuonya."

Bibi mfagiaji akaegemea ufagio wake. "Mistari gani, mjukuu wangu? Sema nielewe."

"Bibi, humo mna programu mbili. Mpya inatunza majina ya wagonjwa. Ya zamani, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ndiyo inayoongea kwenye spika. Mpya haimpi mwenzake jina lenyewe. Inampa anwani tu: nenda pale, utalikuta. Sasa hii mpya ina mfagiaji wake. Akiona kitu hakijashikwa, anazoa. Ile mistari ilikuwa inamwambia ngoja, mwenzako hajafika."

"Kama kadi yangu ya mlangoni."

Kila chumba kilikuwa na kadi ya KINATUMIKA. Ikining'inia, bibi hafagii hata afokewe.

"Hiyohiyo. Bila kadi, C anafika anakuta chumba kimefagiwa na kaingia mwingine. Naye haulizi wewe nani. Anasoma alichokikuta."

Bibi akamgeukia bosi. "Kadi umeitoa wewe?"

"Ilikuwa inachelewesha foleni!"

"Inachelewesha! Mzee wa watu nusura adungwe dawa ya maiti, wewe unatafuta wa kumsingizia. Umeacha nyumba tupu, mlango wazi, halafu unashangaa jini kahamia? Huna haya!"

Fundi akasema polepole, "Nizime mashine nusu saa. Kila chumba kiwe kitupu, ndipo nirudishe."

"Hakuna kuzima. Rudisha hivyohivyo ikifanya kazi."

"Nikishikilia sasa, bosi, ninamshikilia na yule marehemu aliyemo. Hatafagiwa tena."

"Rudisha, au beba begi lako uende."

Akarudisha, meno ameyakaza. Spika ikaita mgonjwa aliye hai, ikaita mwingine, na mwingine, mpaka foleni ikaisha. Chapuchapu akatembea ukumbini kifua mbele. "Mmeona? Maneno mengi, kazi dakika mbili."

Bibi alikuwa amesikia harufu ya kafuri ya maiti, kwanza kidogo kama ya nguo iliyotolewa sandukuni, kisha nzito, ikitoka chini ya mlango wa namba nne, mlango alioufungua mwenyewe adhuhuri akafagia, nesi alipokwisha kuondoa kadi, na sasa nyuma yake kulikuwa na kitu kinachoburuta miguu taratibu kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu aliyeitwa akachoka kungoja, na fundi naye alikuwa amekuja kusimama kando yake, akamshika mkono.

Spika ikakwaruza. Ikaita jina la bosi, lote, hadi la babu yake. Chumba namba nne.

"Naam," ikaitika sauti ya Chapuchapu.

Iliitikia ndani ya chumba. Chapuchapu alikuwa amesimama nje, mbele ya macho yao, midomo ameifumba.

"Bibi," akanong'ona, uso umemgeuka kijivu. "Ingia. Fagia. Mtoe."

Bibi akatazama mlango. Kadi iliyoondolewa adhuhuri ilikuwa inaning'inia palepale, bado inayumbayumba.

"Kinatumika," akasema, akachukua ndoo yake. "Mimi sifagii."