Sauti Kumi na Mbili, Agizo Moja

Kila jioni, baada ya kutwanga sombe, majani ya muhogo, na kusali rozari, Mama Godelieve alikwenda kusoma kompyuta huko Kirotshe. Alianza masomo akiwa tayari na wajukuu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa programu ya kwaya aliyoimba zamani huko Walikale. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na vitufe kumi na viwili, kila kimoja na jina la mwimbaji. Ukibonyeza jina, unasikia sauti yake iliyorekodiwa zamani kwenye kaseti. Wengi wao Mungu alikuwa amekwisha kuwaita.

Jioni moja alikuja darasani Mama Consolée, mjane wa Akilimali; yeye na mumewe waliimba pamoja katika kwaya hiyo. Alikuwa ametibiwa hospitalini, na kesho asubuhi angerudi Walikale. Tangu mazishi hakuwa amesikia sauti ya mumewe.

Godelieve akabonyeza "Akilimali". Ikatoka sauti nyembamba ya mwimbaji mwingine.

"Huyu iko Shema!" Consolée akasema. "Bwana yangu hakukuwa anaimba sawa na mbuzi!"

Wakacheka, lakini macho ya Consolée yalilowa.

Godelieve akamwita mwalimu, Papa Symphorien. Mwalimu akayasoma maagizo ya programu.

"Mama, uliandika maneno yale yale mara kumi na mbili?"

"Nilinakili, Papa. Kila kitufe na agizo lake."

"Na kwa Akilimali ukasahau kuondoa jina la Shema. Niambie, kwaya yenu ilikuwa na waongozaji wangapi?"

"Mumoja tu. Ule mwenye alinyooshewa kidole, njo yeye alikuwa anaimba."

"Basi andika agizo moja. Vitufe vyote viite lile lile. Likiitwa, liulize: nimeitwa na kitufe gani? Lisome jina lake, kisha licheze wimbo wenye jina hilo."

"Na nikitaka kupunguza sauti?"

"Utatengeneza fasi moja tu, si mahali kumi na mbili."

Godelieve akakumbuka kanisa lao la mbao, mvua juu ya mabati, na kile kidole cha mwongozaji kikitembea kutoka mtu hadi mtu. Akafanya ishara ya msalaba. Akafuta maagizo kumi na moja. Lile lililobaki akalirekebisha, akaliunganisha na vitufe vyote.

"Bonyeza wewe mwenyewe, dada."

Consolée akabonyeza. Sauti nzito ya Akilimali ikajaza chumba.

Hakulia. Alingoja mstari wa kwanza uishe, akavuta pumzi, akaingia na sauti ya pili, pale pale alipokuwa akiingia kwa miaka thelathini.